Gitega Hadi Muyinga: Hesabu ya Anga na Hesabu ya Barabara

Mwenye kuitandaza ramani ya Burundi mezani na kuweka rula baina ya Gitega na Muyinga ataiona safari hiyo kuwa ni jambo dogo. Kwa njia ya anga, miji hiyo miwili imeachana kwa kilomita 80 hivi, kuelekea kaskazini mashariki. Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa ingetua baada ya dakika 16 tu.

Lakini hesabu hiyo ni ya karatasi. Hakuna ndege ya abiria inayofanya safari za ratiba baina ya miji hiyo. Uwanja mkubwa wa ndege nchini uko Bujumbura, magharibi kabisa, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mtu wa Muyinga atakaye kupanda ndege hana budi kwenda mbali kuliko Gitega kwenyewe! Basi ndugu msomaji, safari hii ni ya barabara.

Barabara hiyo hupitia Karuzi, huuvuka mto Ruvubu, ambao maji yake humiminika Kagera na hatimaye Ziwa Victoria, kisha hupanda na kushuka vilima. Urefu wake ni kilomita 100 hivi, kwa kuwa kilima hakipasuliwi bali huzungukwa. Gari zima lenye mafuta huhitaji saa mbili au zaidi. Atembeaye kwa miguu atalala njiani usiku mara mbili au tatu. Katika barabara za Burundi mwenye baiskeli iliyosheheni ndizi huonekana akishika nyuma ya lori apate kuupanda mlima, akiihatarisha roho yake ili kuokoa saa chache.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la wapima ramani pekee. Tangu 2019 Gitega ni makao makuu ya kisiasa ya Burundi, na Bujumbura umebaki mji mkuu wa biashara. Muyinga nao uko karibu na mpaka wa Kobero, ambako huingia shehena nyingi zitokazo bandari ya Dar es Salaam. Mmoja una ofisi za serikali, mwingine una mlango wa bidhaa. Kila mmoja wamhitaji mwenzake.

Katika miaka ya 2022 hadi 2024 Burundi ilipatwa na upungufu mkubwa wa petroli. Magari yalipanga foleni ndefu vituoni, na nauli zikapanda. Kilomita hazikuongezeka hata moja, lakini kwa mgonjwa na mchuuzi Gitega kulikuwa mbali zaidi kuliko hapo awali.

Kwa hiyo atakayetuuliza umbali wa Gitega na Muyinga, hatutamwonyesha rula. Tutamwuliza kwanza: je, una chombo gani, na mafuta yapo? Jibu la maswali hayo ndilo umbali wenyewe.