Bahari ya Kurasini Inaishia Wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Mita 60 zenyewe hazina ubishi. Mpima ardhi akionyeshwa pa kuanzia, anazimaliza upesi. Ubishi uko hapo pa kuanzia. Kurasini, wilayani Temeke, mkono wa bahari unaopita bandarini huingia bara hadi kukutana na maji ya mito Kizinga na Mzinga. Wakati wa bamvua, kati ya maji kujaa na maji kupwa kuna tofauti ya zaidi ya mita 3 kwenda juu, na kwa kuwa tope la ufukweni halina mwinuko mkali, tofauti hiyo hutandaza eneo pana ambalo asubuhi limefunikwa na maji na mchana kaa wanatembea juu yake. Mimea nayo haisaidii kuchora mpaka. Mchu, mojawapo ya miti ya mikoko, huota upande unaopigwa na mawimbi na huota tena nyuma kabisa, kwenye ardhi ya chumvi inayofikiwa na bamvua tu. Hakuna mstari uliolala pale ukingoja kuvumbuliwa.

Linalotufanya tuusake mstari huo ni mazoea mawili tuliyoyapata darasani. La kwanza ni kwamba kila kauli ama ni kweli ama si kweli, na katikati hamna kitu. La pili ni kwamba nafasi imejengwa kwa nukta: vitu visivyo na urefu wala upana, vinavyojipanga kuwa mistari, na mistari ikawa maeneo. Mazoea hayo yanategemeana. Ukiamini kwamba ufukwe ni rundo la nukta, utaamini pia kwamba kila nukta ni ama bahari ama nchi kavu. Katika karne ya 20 wanamantiki na wanahisabati waliyapinga yote mawili, kila moja kwa njia yake, na njia hizo hatimaye zikakutana. Hoja inayotokana na kazi yao ni hii: eneo na kiwango ndivyo vinavyotangulia, nukta na mstari ni matokeo tunayoyafikia mwishoni, kwa kazi au kwa uamuzi.

Kwa upande wa mantiki, Jan Łukasiewicz wa Poland alipendekeza mwaka 1920 thamani ya tatu kati ya kweli na uongo, na baadaye ikakubalika kwamba kauli inaweza kuwa na kiwango chochote cha ukweli kati ya 0 na 1. Faida yake inaonekana tukigawa safari ya kutoka maji ya kina hadi Barabara ya Kilwa katika hatua 100. Ni vigumu kukataa kwamba mahali hapa pakiwa ni bahari, basi hatua moja mbele nako ni bahari. Lakini mantiki ya kweli na uongo ikikubali kauli hiyo mara 100, inalazimika kukiri kwamba daladala za Mbagala zinapita baharini. Łukasiewicz anatoa mlango wa kutokea. Kila hatua ipewe ukweli wa 0.99, yaani karibu kamili lakini si kamili. Kwa kanuni yake, kila hatua inapunguza 0.01 kwenye uhakika tunaoubeba, na baada ya hatua 100 tunafika barabarani mikono mitupu. Hakuna hatua hata moja iliyokuwa ya uongo, wala hapakuwa na mstari uliovukwa.

Kwa upande wa jiometri, Alfred North Whitehead, mwanahisabati Mwingereza, alisema katika vitabu vyake vya 1919 na 1920 kwamba hakuna aliyewahi kukutana na nukta. Tunachokutana nacho ni maeneo yaliyomo ndani ya maeneo mengine. Nukta, kwake, ni mfululizo wa maeneo yanayozidi kuwa madogo bila kikomo, kila moja likiwa ndani ya lililotangulia. Alipokosolewa na Theodore de Laguna, alibadili msingi wake, na mwaka 1929 akaanzia kwenye maeneo kugusana badala ya kuwa ndani. Katika miaka hiyohiyo Alfred Tarski alionyesha kwamba jiometri tuliyoizoea inaweza kujengwa kwa vitu vyenye ujazo kama mipira, nukta zikija baadaye.

Njia hizo mbili zilikutanishwa na watafiti kama Giangiacomo Gerla wa Chuo Kikuu cha Salerno, Italia. Tuseme eneo la kwanza limo ndani ya la pili kwa kiwango cha 0.9, na la pili limo ndani ya la tatu kwa 0.8. Kwa kanuni ya Łukasiewicz, la kwanza limo ndani ya la tatu kwa kiwango kisichopungua 0.7. Sasa tazama kinachopotea: 0.1 na 0.2, na jumla ya hasara haizidi 0.3. Hiyo ndiyo kanuni ya umbali, ileile inayosema kwamba kutoka Kurasini hadi Mbagala moja kwa moja hakuzidi jumla ya Kurasini hadi Mtoni na Mtoni hadi Mbagala. Upungufu wa ukweli unafanya kazi ya urefu. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuanza na maeneo na viwango tu, akapata umbali, na kutokana na umbali akajenga nukta.

Kuna watakaosema kwamba hivi viwango ni uwezekano uliovishwa nguo nyingine. Sivyo. Uwezekano hupima tusichokijua: kama mvua itanyesha kesho au la, kesho itafika na jibu litakuwa moja. Lakini hata ukijua kina cha maji, saa na chumvi ya kila kiganja cha tope la Kurasini, tope hilo litabaki kuwa bahari kwa sehemu. Pingamizi zito zaidi ni hili: nani aliamua kwamba ni 0.7 na si 0.68? Hapo lazima tukubali kwamba namba zenyewe mara nyingi ni makadirio. Hata hivyo, anayekataa 0.7 kwa sababu ni makadirio hawezi kukimbilia 0 au 1, maana hizo nazo ni makadirio, tena mabaya zaidi. Muhimu ni mpangilio: kwamba hapa ni bahari zaidi kuliko pale, na kwamba badiliko ni la polepole.

Pingamizi la mwisho ni la mahakama na ofisi za ardhi. Hati ya kiwanja haiandikwi kwa 0.7, nyumba inavunjwa au inaachwa. Jibu zuri linatoka kwa Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa mwaka 1942 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akasoma India na kisha London. Miaka kumi baada ya Lotfi Zadeh kuchapisha nadharia ya seti zenye viwango mwaka 1965, Mamdani na mwanafunzi wake Seto Assilian walichapisha matokeo ya kuendesha injini ya mvuke kwa sheria za maneno ya kawaida, za aina hii: shinikizo likiwa juu kidogo na likizidi kupanda polepole, punguza joto kiasi. Sheria kadhaa zilitumika kwa pamoja, kila moja kwa kiwango chake. Lakini kidhibiti joto hakielewi "kiasi". Kinahitaji namba moja. Kwa hiyo mtambo ulichanganya viwango vyote na kutoa namba hiyo mwishoni kabisa. Njia hiyo, ambayo wahandisi leo huiita kwa jina la Mamdani, ilifuatiwa na vidhibiti vya matanuri ya saruji na treni ya chini ya ardhi ya Sendai, Japani, iliyoanza kazi mwaka 1987.

Sheria ya mita 60 inaweza kufanya vivyo hivyo. Inahitaji mstari, na ina haki ya kuupata, mradi isijifanye kwamba imeukuta ufukweni. Kupima kutoka maji ya bamvua ni uamuzi, na kupima kutoka maji ya kawaida ni uamuzi mwingine, unaowaondoa watu wengine na kuwaacha wengine. Uamuzi ukitangazwa kuwa ni uamuzi, na kipimo chake kikaandikwa, mwananchi anaweza kuuhoji na kuomba sababu. Ukitangazwa kuwa ni ukweli wa asili, hana pa kushika.