Sufu ya mawe na vikombe vya mgomba: kuotesha tomati bila kupoteza mbegu

Wandugu wa kooperative, wakati mwingine katika vifurushi vya msaada kunakuwa kitu kimoja ambacho hakuna mwenye kukijua: vipande vidogo vya mraba, vyepesi, kama sponji ngumu, na kila kimoja kiko na kitundu katikati. Wengine wanafikiri ni vya kuoshea sahani. Wasijaribu, juu nyuzi zake zinawasha mikono. Kwenye karatasi wameandika kwa Kifaransa laine de roche, maana yake sufu ya mawe. Ni kitu cha kuoteshea mbegu.

Swali tunaloulizwa kila mara ni moja: inafaa kwetu, ao haifai? Tutajibu, lakini kwanza tuelewe ile sufu inatoka wapi na inafanya kazi gani. Mwenye kuielewa anaweza kupata faida yake hata bila kuwa nayo.

Watu wa Goma hawana lazima ya kuelezwa namna jiwe linavyoyeyuka. Waliona tarehe 17 Januari 2002, wakaona tena tarehe 22 Mei 2021. Kiwandani wanachukua jiwe la basalti, ambalo ni la ukoo mmoja na makoro yetu, wanalichoma mpaka karibu digri 1500, kisha wanalizungusha kwa nguvu mpaka linatoka nyuzi nyembamba. Volkano yenyewe inajua kazi ile: upepo unapovuta matone ya lava, yanageuka nyuzi kama nywele, na nywele za namna ile zinaokotwa kandokando ya Nyiragongo na Nyamulagira. Basi sufu ya mawe ni makoro yaliyosokotwa. Mwanzoni ilikuwa ya kuzuia baridi na joto katika kuta za nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wa Denmark wakaanza kuoteshea mimea ndani yake, na wakulima wa Uholanzi wakaichukua kwa tomati na matango yao ya ndani ya nyumba za vioo.

Kwa nini waliipenda? Ni juu ya hewa. Kipande cha sufu ile karibu chote ni nafasi tupu. Jiwe lenyewe ni kidogo sana. Ukikilowesha, sehemu ya nafasi inashika maji na sehemu inabaki na hewa. Tena kimepita kwenye moto, kwa hiyo hakina ugonjwa wowote wa udongo. Maji, hewa na usafi: mbegu ya tomati haiombi kingine mpaka ipate majani yake ya kwanza. Chakula cha siku zile inacho tayari tumboni mwake.

Sasa tuangalie pepinyere zetu. Mama ananunua sashe ya mbegu ibridi, pesa nyingi kwa mbegu chache. Anamwaga zote kwenye tuta, anafunika na majani, anamwagilia asubui na mangaribi juu anaogopa zisikauke. Nusu hazioti. Zile zilizoota, siku ya tano ao ya saba shina linakuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo, miche inalala yote upande mmoja. Watu wanasema ni jua, wengine wanasema ni mbegu ya uongo. Mbegu ya uongo iko kweli sokoni, tutairudilia. Lakini mara nyingi muuaji ni maji. Udongo uliojaa maji hauna hewa, mbegu inakosa pumzi na kuoza. Na vimelea kama Pythium na Rhizoctonia vinapenda sana unyevu ule. Pesa ya sashe imekwenda, na kibaya zaidi ni kwamba wiki tatu za msimu A zimekwenda nayo. Kuanza upya katikati ya mwezi wa kumi ni kuvuna wakati kila mtu anavuna.

Tunarudi kwa swali. Kama vile vipande muko navyo tayari, muvitumie, hakuna sababu ya kuvitupa. Muvilowe kabla ya kuvishika sana, juu vumbi lake si zuri kwa pua na macho. Sufu mupya inapandisha pH ya maji, na mizizi michanga haipendi hivyo. Mutie ndimu kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji, mupime na karatasi ya pH mpaka karibu 5,5, kisha muache vipande ndani kwa saa kazaa. Mukivitoa, muvikungute tu. Musivikamue hata kidogo! Ukikamua, unavunja zile nafasi za hewa, na hewa ndiyo kitu chote ulichokuwa unatafuta. Mbegu moja kwa kitundu kimoja. Siku ya kupandikiza, kipande kizikwe chote ndani ya udongo; kikibaki nje kidogo, upepo unakausha mche kupitia pale.

Lakini kuomba mletewe vingine, ama kuvinunua kwa pesa ya kooperative, sisi hatushauri. Sufu haina chakula hata chembe. Majani ya kwanza yakitoka, inakudai mbolea ya kuyeyusha katika maji, na ile inauzwa ghali, siku ingine iko dukani, siku ingine haiko. Zaidi ya hayo sufu haiozi: ukilima msimu ujao utaikuta bado iko pale. Tuchukue akili yake, kitu chenyewe tukiache.

Kikombe chetu kinaanza na ganda kavu la mgomba. Kateni mkanda wa upana wa vidole vine, muuzungushe kwenye kopo ndogo ya tomati, mufunge na kamba ya mgomba uleule, mutoe kopo. Chini kunabaki wazi. Ni vizuri hivyo, maji yanatoka na hewa inaingia. Muvipange vikombe juu ya ubao ao trei yenye matundu. Angalisho moja: musichukue maganda katika shamba lenye ugonjwa wa kunyausha migomba. Mutauhamisha mpaka kwa jirani.

Mchanganyiko ni ndoo moja ya kompositi iliyooza vizuri, ndoo moja ya udongo mweusi, na ndoo moja ya changarawe nyepesi ya volkano iliyochekechwa, ukubwa wa punje ya muchele. Vumbi lake lioshwe, juu vumbi linaziba nafasi. Udongo utoke mahali ambapo tomati, viazi, pilipili na mbilingani hazikulimwa miaka ya karibuni. Wandugu wa bonde la Ruzizi hawana makoro, lakini wana mashine za mpunga: wachome maganda ya mpunga mpaka yawe meusi, wayamwagie maji kabla hayajawa majivu meupe. Kazi ni ileile. Ukishika mchanganyiko mkononi na kuubana, unapaswa kusimama kama tonge. Ukiugusa na kidole, unaanguka. Kama unabaki umeshikana kama udongo wa matofali, ongeza changarawe.

Kisha muupike. Ndiyo, kuupika, juu ule wa kiwanda nao ulipikwa. Nusu pipa, maji kidogo chini, mawe, gunia juu ya mawe, udongo juu ya gunia, na kifuniko. Katikati ya udongo muzike kiazi kimoja. Kiazi kikiiva, udongo umeiva, mutoe moto. (Kiazi kinaliwa, watoto wanajua.) Muache upoe mpaka siku ya pili.

Kabla ya kupanda, chukueni mbegu 20 za sashe ileile, muzifunge katika kitambaa chenye unyevu, muziweke kwenye sahani mahali pa joto. Muhesabu siku ya saba, na tena siku ya kumi na ine. Kama ni 16 ao zaidi zimeota, endeleeni. Kama ni tano ama sita, murudi dukani na sashe, na kitambaa muende nacho. Mtu wa duka anaweza kubisha na maneno, kitambaa hawezi kukibishia. Ndiyo sababu tunaomba kooperative ijaribu kabla ya kugawa mbegu kwa wanamemba, hapana nyuma.

Mbegu iingie sentimita moja, si zaidi. Mufunike na majani makavu, lakini siku ile mutaona mche wa kwanza, muyatoe siku ileile. Mukingoja kesho miche itarefuka na kuwa dhaifu. Penye joto tomati inatoka kwa siku sita mpaka kumi. Kwa wale wa Kibumba na milima ya baridi, usiku muingize trei ndani ya nyumba ya jiko. Chini ya digri 10 mbegu ya tomati inalala tu.

Kumwagilia: hapa ndipo miche mingi inakufa, kwa hiyo tuseme polepole. Maji ni asubui tu. Kabla ya kumwaga, inua kikombe kimoja. Kikiwa kizito, acha. Kikiwa chepesi, weka trei katika beseni yenye maji ya vidole viwili, ngoja mpaka udongo wa juu ubadilike rangi, toa. Arozware ya juu iache mpaka shina likomae. Mikono miwili mitatu ikifanya kazi hii kila mmoja kwa namna yake, haitafaulu. Mchague mtu mmoja wa zamu kwa wiki nzima, na aandike kwenye kaye: siku gani alitia maji, miche mingapi imesimama, mingapi imelala.

Mbolea ya ziada haihitajiki mapema, kompositi inatosha kwa wiki za mwanzo. Wiki ya mwisho mupunguze kivuli na maji ili miche ikomae. Ikifika majani mane ao matano ya kweli, karibu mwezi mmoja, mupandikize mangaribi, na kikombe chake chote. Ganda litaoza lenyewe. Ila mupasue upande mmoja na kisu, juu ganda la mgomba likikauka sana linakuwa gumu, na mizizi inazunguka ndani bila kutoka.