Kabla ya Kugusa Goti

Tuseme mhasibu mmoja wa Dar es Salaam amejiandikisha kukimbia kilomita 21 kwenye Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika Moshi kila mwaka tangu 2003. Imebaki miezi miwili, na goti la kulia linaanza kumsumbua, hasa anaposhuka ngazi. Anakwenda hospitali. Anapigwa eksirei na haionyeshi kitu, anaandikiwa dawa za maumivu, anaambiwa aache kukimbia. Anaacha. Baada ya wiki tatu goti limetulia, naye anarudi barabarani na kuanza pale pale alipoachia. Siku ya tatu maumivu yamerudi, tena kwa hasira.

Katika safari yote hiyo hakuna aliyemwuliza alikuwa akikimbia kilomita ngapi kwa wiki, na ni nini kilibadilika mwezi uliotangulia.

Si kwamba wahudumu wetu ni wazembe. Anayesomea fiziotherapia KCMC pale Moshi, au katika vyuo vya KMTC nchini Kenya, anaandaliwa kuwahudumia watu waliopata kiharusi, majeruhi wa bodaboda, watoto wenye ulemavu wa viungo. Mtu mwenye afya njema aliyejiumiza kwa hiari yake, akifukuzia medali ya kumaliza mbio, anakuja mwisho wa foleni. Na hata katika nchi tajiri hali haikuwa tofauti sana. Ndiyo maana Blaise Dubois, mfiziotherapia wa jimbo la Quebec nchini Kanada, alianzisha La Clinique du Coureur, yaani Kliniki ya Mkimbiaji. Kliniki hiyo imejulikana zaidi kwa kozi zake za kuwafundisha wafiziotherapia na wahudumu wengine wa afya kuliko kwa wagonjwa inaowatibu. Wanaoketi darasani wana vyeti tayari, na wengi wametibu magoti kwa miaka. Sehemu kubwa ya kazi ni kuwaondoa kwenye mazoea.

Msingi wa mafunzo hayo ni mwepesi kuuelewa: mwili hujizoesha na mzigo wowote, mradi mzigo huo usizidi uwezo wake wa kujizoesha. Mfupa, kano na gegedu huimarika kwa kutumika. Vikitumika ghafla kuliko vilivyozoea, huanza kulalamika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtaalamu, kabla hajagusa goti, ni upelelezi. Umeongeza kilomita? Umeanza kupanda milima? Umebadilisha viatu? Ulipumzika kwa sababu ya ugonjwa au mfungo, kisha ukarudi kwa kasi ile ile?

Jean-François Esculier, mtafiti anayefanya kazi na kliniki hiyo, aliupima msingi huo pamoja na wenzake kwa jaribio lililochapishwa mwaka 2018. Walichukua wakimbiaji 69 wenye maumivu ya mbele ya goti, kuzunguka pia ya goti, wakawagawa makundi matatu kwa muda wa wiki nane. Kundi la kwanza lilipewa elimu tu ya namna ya kupanga mzigo. La pili lilipewa elimu hiyo pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli. La tatu lilipewa elimu na kufundishwa kubadilisha mtindo wa kukimbia. Makundi yote matatu yalipata nafuu, na yalikaribiana mno kiasi kwamba nyongeza zile hazikuonekana kuleta tofauti.

Elimu yenyewe ilikuwa ipi? Wagonjwa hawakukatazwa kukimbia. Waliambiwa wakimbie mara nyingi zaidi kwa wiki lakini muda mfupi kila mara, wapunguze kasi, waepuke miteremko na ngazi kwa kitambo. Wakapewa kipimo cha kujiamulia wenyewe: maumivu yasizidi mbili kwenye ngazi ya sifuri hadi kumi wakati wa kukimbia, na yawe yamerudi kiwango chake cha kawaida ndani ya dakika 60 baada ya kumaliza. Mhasibu wetu angeweza kupewa maelezo hayo kwa robo saa, bila mashine yoyote.

Ugumu uko kwa mtoa huduma. Mgonjwa amelipa nauli, ameketi kwenye benchi saa mbili, na anatarajia kukandwa, kupakwa kitu, au kuchomwa sindano. Kumwambia "punguza, usiache" kunaonekana kama kumdhulumu. Kwa hiyo kueleza kwa namna ambayo mtu ataamini ni ujuzi wa kujifunza na kurudiarudia, kama ujuzi mwingine wowote wa hospitali.

Halafu kuna yale ya kusahau. Barafu, kwa mfano. Daktari wa Marekani Gabe Mirkin ndiye aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua kiungo, na hadi leo hakuna uwanja wa michezo usioijua. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe aliandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona. Wapo madaktari wachache sana wenye ujasiri wa kuipinga kanuni iliyowapa jina. Dubois na Esculier nao walipendekeza mwongozo mbadala: kulinda kiungo siku za mwanzo, kutokimbilia dawa za kuzuia uvimbe, kumwelimisha mgonjwa, kisha kurudisha mzigo mapema na taratibu. Barafu haimo.

Viatu vina kisa chake. Kwa miongo kadhaa mkimbiaji alitazamwa nyayo, akaambiwa ana mguu bapa au wenye upinde mkubwa, akauziwa raba ya aina yake. Jeshi la Marekani lililijaribu wazo hilo kwa maelfu ya askari wapya wa nchi kavu, wa anga na wa majini. Nusu walipewa viatu kulingana na umbo la unyayo, nusu nyingine wakapewa aina moja bila kujali umbo. Walioumia hawakutofautiana kwa kiasi cha maana. Wauza viatu hawakufurahi.

Hata kanuni pendwa ya makocha, ya kutoongeza zaidi ya asilimia 10 kwa wiki, imetikiswa. Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliwagawa zaidi ya wakimbiaji 500 wanaoanza, kundi moja likifuata kanuni hiyo na jingine likifuata programu ya kawaida ya haraka zaidi. Katika kila kundi, karibu mmoja kati ya watano aliumia. Utafiti mkubwa wa saa za kielektroniki uliochapishwa 2025, uliowafuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000 kwa miezi 18, umetoa dokezo: hatari ilipanda pale mtu alipokimbia siku moja umbali uliozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ule mrefu kuliko wote aliokimbia siku 30 zilizopita. Jumla ya wiki haikuonyesha hatari hiyo. Swali la upelelezi basi limebadilika kidogo: umbali wako mrefu zaidi mwezi huu ni upi, na Jumapili ulikimbia ngapi?

Kisa kinachosimuliwa mara nyingi katika fani hii ni cha Håkan Alfredson, daktari bingwa wa mifupa wa Umeå, Uswidi. Alikuwa na maumivu sugu ya kano la kisigino na alitaka apasuliwe. Mkuu wake wa kazi akakataa. Alfredson akaamua kulikata mwenyewe kwa mazoezi, ili upasuaji usiepukike. Alisimama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi na kushusha kisigino chini ya usawa wa ngazi, tena na tena, kila siku, maumivu yakiwapo. Kano halikukatika, likapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya hivyo mara 180 kwa siku kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia. Leo zoezi hilo, au ndugu zake, hufundishwa karibu kila mahali. Ngazi mbili za saruji zinatosha.

Sehemu inayovutia wanafunzi zaidi ni kumtazama mtu akikimbia. Mtaalamu anahesabu hatua kwa dakika. Kuongeza idadi ya hatua kwa asilimia 5 hadi 10, kasi ikibaki ile ile, hupunguza mzigo wa goti na nyonga, kama alivyoonyesha Bryan Heiderscheit na wenzake mwaka 2011. Lakini kuna tahadhari. Katika jaribio la wakimbiaji 320 wanaoanza, lililochapishwa 2018, waliofundishwa kukanyaga kwa ulaini waliumia kwa asilimia 16 ndani ya mwaka, wengine asilimia 38. Ila miongoni mwa waliofundishwa, majeraha ya shavu la mguu na kano la kisigino yaliongezeka. Mzigo uliotoka gotini ulishuka mguuni.

Wakimbiaji wa Afrika Mashariki wametumiwa sana katika mjadala huu, mara nyingi bila kuulizwa. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard alionyesha kwamba vijana wa Bonde la Ufa waliokulia peku hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na dunia ikanunua viatu vyembamba kama soksi. Miaka mitatu baadaye utafiti mwingine wa Kenya, kwa Wadaasanach wa kaskazini, ulikuta wengi wao wakikimbia peku kwa kasi ya kawaida hutua kwa kisigino. Mwaka huo huo, Marekani, picha za MRI zilionyesha zaidi ya nusu ya wakimbiaji waliohamia viatu vile kwa wiki kumi wamepata uvimbe ndani ya mifupa ya mguu. Walibadilisha ghafla mno, nayo ni hadithi ile ile ya mzigo.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye "punguza, usiache" si jibu lake. Huyu anaonyesha maumivu kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, au maumivu yako ndani kabisa ya kinena, na usiku hayamwachi. Huenda mfupa una ufa uliotokana na kuchoka, na eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kuwa safi kabisa. Ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja ukipuuzwa unaweza kuwa mvunjiko kamili. Mafunzo yoyote yasiyomfundisha mtaalamu kumtambua huyu ni hatari kuliko kutofundisha.

Na hapo upelelezi unafika mahali ambapo wengi wanaona haya. Tangu 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imetambua hali ya mwanariadha kula pungufu ya nguvu anazotumia, ambayo hudhoofisha mifupa na, kwa wanawake, mara nyingi hukatiza hedhi. Msichana wa kambi ya mazoezi huko Iten au Arusha, aliyezungukwa na makocha wanaume, hatalitaja hilo asipoulizwa, na hatajibu kama kocha ameketi chumbani. Mtaalamu aliyefundishwa humwomba kocha asubiri nje kwanza. Akijibiwa kwamba hedhi haijaonekana kwa miezi kadhaa, mazungumzo yanahamia kwenye chakula, uzito na usingizi, daktari anaagiza MRI pale ilipo, na kocha, kwa idhini ya msichana, anaelezwa kwamba kwa sasa hakuna mbio, hata za polepole.