Bango linamtisha abiria, dereva anakanyaga mafuta

Kabla ya lami, trafiki mkali kuliko wote wilayani Maswa alikuwa shimo. Halikuwa na zamu, halikupokea kitu kidogo, na hakuna dereva aliyewahi kulibishia. Sasa lami imefika: kilomita 50.3 kutoka Mwigumbi hadi Maswa, 49.7 kutoka Maswa hadi Bariadi, na nyingine 71.8 kutoka Bariadi hadi Lamadi kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Mkulima wa pamba anaifurahia, mgonjwa wa rufaa anawahishwa hospitali ya Bugando, na mfanyabiashara wa Nyalikungu anaweza kwenda Mwanza akarudi kulala kwake. Lakini lami imewakuta watu wakitumia njia kama walivyoitumia enzi za vumbi. Ng'ombe wanavushwa jioni, baiskeli imebeba magunia ya mpunga, toyo limejaa mbao, wanafunzi wanatembea wanne wanne pembeni. Katikati yao inapita Haisi inayowahi abiria wa Bariadi.

Ikitokea ajali mbaya, ushauri hutolewa ule ule, na mwenye duka, na mwalimu, hata na kiongozi wa dini: hawa madereva waonyesheni picha. Waonyesheni mguu uliobaki kwenye mabati na mtoto aliyefunikwa khanga. Wekeni bango kubwa stendi, wekeni video ndani ya basi badala ya zile filamu, na mwenye roho ngumu atapunguza mwendo. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama inapowadia, baada ya hotuba na uuzaji wa stika, hoja hiyo hurudi. Ni hoja ya watu waliochoka kuzika, na mimi siicheki. Ila nchi hii imekwisha kuifanyia majaribio bila kukusudia.

Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao walikufa. Picha zilisambaa kwenye simu nchi nzima, nyingine zikionyesha yale ambayo hakuna mzazi anayestahili kuyaona. Tarehe 11 Januari 2022 ikawa zamu ya mkoa wetu wa Simiyu. Wilayani Busega, gari lililokuwa kwenye msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza liligongana na Haisi. Watu 14 walikufa, wakiwamo waandishi wa habari waliokuwa safarini kikazi, watu ambao siku nyingine yoyote wangekuwa ndio wanaotuletea taarifa ya ajali hiyo. Picha nazo zikazunguka. Baada ya wiki mbili tatu mwendo barabarani ulikuwa ule ule. Kama kuona damu kungekuwa dawa, dereva wa Kitanzania angekuwa mwangalifu kuliko wote duniani, maana hakuna kampeni ya serikali itakayomwonyesha zaidi ya anachotumiwa na shemeji yake kwa WhatsApp.

Shida ni kwamba dereva akiitazama picha hiyo hajioni ndani yake. Kaa kijiweni siku ya pili baada ya ajali na utakuta uchunguzi umekwisha kukamilika: yule alikuwa mgeni wa njia, yule alisinzia, yule tairi zake zilikuwa vipara. Kila maelezo yanamtoa msemaji kwenye jeneza. Na aliyeishiwa maelezo ana jibu linalofunga mjadala wowote: ajali haina kinga, siku ikifika imefika. Mtu wa imani hiyo ukimwonyesha maiti hujamwambia jipya. Umemthibitishia tu.

Mtafiti wa Marekani Kim Witte, katika nadharia aliyoitoa mwaka 1992, alieleza kwamba mtu akitishwa hujiuliza mambo mawili: je, hili linanihusu, na je, ninaloweza kulifanya lipo? Akiona linamhusu lakini hana la kufanya, haikabili hatari. Anaikabili hofu yake. Atageuza uso, atatania, atasema wanaotisha wametia chumvi. Witte baadaye aliipeleka hoja hiyo kwenye barabara kuu inayokatiza Kenya, akipima kampeni za UKIMWI zilizowalenga madereva wa malori na watu wa vituo wanavyolala. Waliokuwa wakubwa miaka ile wanakumbuka jinsi tulivyotishwa na UKIMWI, na jinsi hofu ilivyozaa unyanyapaa kwa wagonjwa mapema kuliko ilivyozaa tahadhari kwa wazima.

Yapo mabaya zaidi ya kampeni kutofanya kazi. Mwaka 1999 watafiti wa Israeli, Orit Taubman Ben-Ari na wenzake, waliwakumbusha askari vijana juu ya kifo chao, kisha wakawapima uendeshaji. Wale ambao uendeshaji ulikuwa sehemu ya kujithamini kwao waliendesha kwa hatari zaidi baada ya kukumbushwa kifo. Fikiria kijana wa miaka 20 mwenye pikipiki mpya ambayo jina lake limeandikwa kwenye tenki. Huko Texas, mabango ya umeme ya barabarani yalikuwa yakionyesha idadi ya waliokufa tangu mwaka uanze, wiki moja katika kila mwezi. Jonathan Hall na Joshua Madsen walilinganisha wiki hizo na nyingine, wakachapisha matokeo mwaka 2022: ajali ziliongezeka kwa asilimia 4.5 katika kilomita 10 baada ya bango. Maelezo yao ni kwamba namba ya vifo inamchanganya dereva wakati ule ule anaohitaji akili yake yote barabarani.

Wanaotetea picha za kutisha wana mfano mmoja mzito, jimbo la Victoria nchini Australia. Desemba 1989 tume inayolipa fidia za ajali jimboni humo ilianza kuonyesha kwenye televisheni matangazo ambayo hayakumhurumia mtazamaji: wodi ya dharura, mama anayelia, dereva mlevi aliyemponza mpenzi wake. Mwaka huo walikufa watu 776 barabarani. Mwaka uliofuata walikufa 548. Ushindi wa picha? Wakati ule ule polisi wa Victoria walizidisha kuwapima madereva ulevi bila kuchagua, na wakaweka kamera za mwendo kasi kila upande. Watafiti wamebishana miaka mingi kuhusu kilichofanya kazi. Ninavyoona mimi, mtu wa Melbourne alitishwa sebuleni kwake jioni, na asubuhi akamkuta polisi kweli njiani. Sisi dereva tunamtisha, halafu mwenzake anayetoka mbele anamwashia taa kumjulisha kwamba tochi ipo kilomita mbili mbele, na zaidi ya hapo njia ni yake.

Mfano unaotufaa uko karibu zaidi. Mwaka 2008 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, waliingia kwenye matatu za masafa marefu za Kenya. Matatu zilizohusishwa zilipita elfu moja. Wao hawakuhangaika na dereva. Walibandika stika ndani, mbele ya macho ya abiria, zikimhimiza aseme gari likiendeshwa ovyo, aseme sasa, asisubiri kulalamika baada ya ajali. Baadhi zilikuwa na picha za kutisha za majeruhi. Walijua pia kwamba stika isiyopendwa na konda hubanduliwa kabla ya jua kuzama, kwa hiyo waliweka bahati nasibu ya kila wiki kwa madereva ambao stika zao zilikutwa bado zipo. Kisha wakaenda kwenye kampuni za bima kuhesabu madai. Madai ya matatu zenye stika yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili.

Jambo kama hilo likitokea mara moja, mwenye busara hutaka lirudiwe. Likarudiwa kwa magari kama 12,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Safari hii madai yalipungua kwa robo hadi theluthi, kiasi ambacho watafiti walikadiria kuwa ni ajali 140 na vifo 55 vilivyoepukwa kwa mwaka. Ndani ya matokeo hayo kuna mambo matatu ambayo ningependa kila mjumbe wa kamati ya usalama barabarani ya mkoa ayasome mara mbili. Stika zilizowaambia abiria waseme kwa pamoja zilifanya kazi kuliko nyingine. Picha za kugusa hisia zilisaidia. Na matangazo ya redio yaliyoendeshwa sambamba hayakuonyesha athari yoyote waliyoweza kuipima. Kwa maneno mengine, kitisho si bure, ila kilikuwa kikipelekwa kwa mtu asiyehusika. Abiria anaogopa kweli, na kwenye kiti chake ana jambo la kufanya. Dereva ana usukani na kiburi chake, na nyuma yake yupo tajiri anayesubiri hesabu.

Hiyo hesabu isipitwe. Dereva wa Haisi au wa bodaboda ambaye jioni lazima apeleke kiasi walichokubaliana hakimbii kwa sababu hajaona maiti. Anakimbia kwa sababu mwenzake akimtangulia kituo kinachofuata, abiria wamekwenda. Wakenya walilijua hilo pale Salgaa, kwenye mteremko uliomeza watu miaka na miaka. Baada ya ajali ya Migaa, jirani na hapo, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 iliyoua watu 36, kilichobadilisha sehemu ile ni kuzitenganisha njia mbili kwa kizuizi cha zege. Zege halimwombi dereva abadilike.

Turudi kwa abiria, kwa sababu kila anayejua safari za kwetu ameshauliza: nani atathubutu? Tanzania nayo imekuwa na kampeni yake ya "Abiria Paza Sauti", na stika zake zilionekana kwenye mabasi. Lakini abiria akipaza sauti peke yake, konda anamjibu kwamba kama anaogopa ashuke apande ndege, gari zima linacheka, na kicheko hicho kinamfunga mdomo hadi Lamadi. Aliyecheka mwenyewe ameshika kiti kwa mikono miwili. Nimeona jinsi mambo yanavyobadilika akisema mama mtu mzima. Kwenye Haisi za Usukumani, mayu aliyeketi nyuma ya dereva na kikapu cha vifaranga miguuni ana mamlaka kuliko kijana wa chuo mwenye takwimu zote. Hatoi hoja. Anamwita dereva mwanangu, anamuuliza kwao ni wapi na kama mama yake yu hai, na mguu unaanza kulegea kwenye mafuta. Hapo konda hana la kujibu, kwa sababu kumjibu ni kumtukana mama wa watu mbele ya watoto wake. Stika za Maswa zingeandikwa kwa ajili ya akina mayu, kwa Kisukuma kando ya Kiswahili, zingepata wasemaji ambao Nairobi haina.

Kuna silaha nyingine ambayo Usukuma inayo na haijatumika. Mwaka 2007 mamlaka ya barabara ya jimbo la New South Wales, Australia hiyo hiyo, iliachana na damu. Ikatengeneza tangazo ambamo kijana anakata kona kwa mbwembwe, na wanawake waliosimama pembeni wanainua kidole cha mwisho na kukitikisa, ishara ambayo kila kijana wa huko aliielewa na ambayo gazeti la familia haliwezi kuifafanua. Tangazo lilimcheka dereva. Halikumtisha. Sasa tazama ngoma za Wagika na Wagalu, vyama viwili ambavyo kwa vizazi vimeshindana kuvuta watazamaji, kila manju akimchambua mpinzani wake kwa nyimbo hadi aone haya kupita sokoni. Kijana wa bodaboda asiyeogopa kufa anaogopa sana kuimbwa. Manju mmoja aliyepewa mada ya dereva anayeovateki kwenye kona angefika vijiji ambavyo bango la stendi halitafika, na wimbo wake ungebaki midomoni mwa watoto mwaka mzima.

Ugumu unabaki kwenye vyombo vyenyewe. Mabasi ya mikoani yanafuatiliwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa mfumo wa kielektroniki, na ndani kuna mahali pa kubandika kitu. Lakini tunasafiri pia kwa yale magari madogo ambayo Kanda ya Ziwa watu wameyapa jina la michomoko, yanayopakia wanne kiti cha watatu. Yale yasiyo na leseni ya abiria kwenye karatasi hayapo, na stika ya usalama ndani yake ingekuwa ushahidi dhidi ya mwenye gari. Zaidi ya yote tunasafiri kwa bodaboda, mara nyingine mishikaki, mama katikati na mtoto nyuma.

Kwenye bodaboda, hata hivyo, abiria amekaa mahali pazuri kuliko abiria wa chombo kingine chochote. Mdomo wake uko kwenye sikio la dereva, hakuna konda, na safari nzima macho yake yanatazama kitu kimoja, mgongo wa aliyemkalia nyuma. Mgongoni hapo kuna kizibao cha kuakisi mwanga. Kisiwekwe fuvu wala damu. Kiwekwe namba ya kijiwe, simu ya mwenyekiti wa kijiwe, na maneno matatu: mwambie apunguze mwendo. Kila uchaguzi vizibao hivyo huchapishwa kwa wingi vikiwa na sura ya mgombea, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kuchapisha mgongoni kumetushinda. Swali ni nani atalipia kizibao kisicho na sura yake, na hapo Halmashauri ya Maswa, wauza pikipiki wa mjini na chama cha bodaboda wanaweza kukaa meza moja hata kabla ya Wiki ya Nenda kwa Usalama ijayo.