Mpangilio nao ni uvumbuzi

Kijana wa Kibera au Kawangware, mitaa ya Nairobi, anapoenda kuomba mtaji, swali la kwanza huwa: umeunda nini? Programu ya simu? Mashine? Swali hilo linaacha nje sehemu kubwa ya ubunifu unaoendesha biashara za mitaa hii. Mwanauchumi Joseph Schumpeter, katika kitabu chake cha 1911, alitaja aina tano za ubunifu: bidhaa mpya, njia mpya ya uzalishaji, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi na mpangilio mpya wa biashara yenyewe. Bidhaa ni moja tu kati ya hizo.

Mtazame mama mboga wa Olympic, Kibera, jioni, matatu zikishusha watu kutoka kazini. Anakunja majani ya sukuma wiki, anayabana kwa mkono wa kushoto na kuyakatakata membamba huku mteja akisubiri. Sukuma yake haina tofauti na ya jirani. Alichobuni ni huduma: amemtua mteja aliyechoka kazi ya jikoni na kuiingiza katika biashara yake. Dukani pembeni, mafuta ya kupikia yanapimwa ya shilingi 20, kwa kuwa mnunuzi hulipwa kwa siku. Huu ndio uchumi wa kadogo, na kwangu mimi hakuna ubunifu wa kibiashara ulioifaa mitaa hii kuuzidi, maana bei inafuata pesa iliyo mfukoni leo.

Hata hivyo, kadogo humgharimu mnunuzi. Tuseme lita moja ni shilingi 300. Ikiuzwa kwa vipimo 20 vya shilingi 20, mnunuzi atakuwa ametoa 400 kufikia lita ileile. Maskini analipa zaidi kwa sababu hana pesa za kununua kwa mkupuo, na hilo linaniuma. Ndiyo maana nazipenda ATM za maziwa. Mteja huja na chupa yake, hulipia kiasi anachomudu, na gharama ya pakiti haimwangukii. Ndani ya mashine mna jokofu, pampu na mita, vitu vya zamani vyote.

Mwaka 1990 watafiti Rebecca Henderson na Kim Clark waliueleza vizuri ubunifu wa namna hii: vipande hubaki vilevile, kinachobadilika ni jinsi vinavyounganishwa. Kibera ina mfano wake. Bomba la maji likilazwa ardhini kwenye vichochoro, hukatwa na wezi wa maji, na presha ikishuka uchafu wa mitaro hupenya kwenye nyufa. SHOFCO, shirika lililoanzishwa na Kennedy Odede mwaka 2004, liliyapandisha mabomba kwenye nguzo, yakapita juu ya mitaro na kufikisha maji kwenye vioski. Bomba likivuja huko juu, kila mpita njia anaona, na anayetaka kulitoboa hana pa kujificha.

Huko Gatina, Kawangware, wafanyabiashara wadogo waligusa mpangilio wa soko lenyewe. Kuanzia 2014 walitumia vocha za Gatina-Pesa, wakikubaliana kuzipokea wao kwa wao. Shilingi zikiadimika, fundi cherehani bado ana ujuzi na mama mboga bado ana nyanya. Kinachokosekana ni njia ya kubadilishana. Vocha iliziba pengo hilo, na shilingi chache zilizopo zikabaki kwa kodi ya nyumba na mambo mengine yasiyolipika kwa vocha. Waliotangulia walipata taabu: waanzilishi wa Bangla-Pesa, vocha ya mtaa wa Bangladesh kule Mombasa, walikamatwa mwaka 2013 na kushtakiwa, ingawa mashtaka yaliondolewa mwaka huohuo. Mwenye mashine mpya huombwa aionyeshe inavyofanya kazi. Hawa, waliokuja na mpangilio mpya, walianza kwa kujieleza polisi.