Mto Msimbazi: miti na mikoko inazuiaje mafuriko?

Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, swali la kwanza ni moja: Jangwani panapitika? Barabara ya Morogoro ikifungwa pale, daladala zinageuza, mwendokasi unasimama, na mtu wa Kimara anafika Kariakoo kwa kuzunguka, au hafiki kabisa.

Kwa wanaoishi bondeni si suala la foleni tu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande.

Tatizo linaanzia wapi?

Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unakatiza jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Jiji lenyewe lina watu zaidi ya milioni 5, kwa sensa ya 2022. Palipokuwa na majani, sasa pana mabati, lami na zege.

Piga hesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kikipata mvua ya milimita 50 kinapokea lita 20,000, yaani ndoo kubwa 1,000. Kikiwa kimesakafiwa chote, karibu maji yote yanakimbilia mtaroni. Sasa zidisha kwa nyumba zote za mtaa wako.

Huko juu nako, ardhi iliyokatwa miti inamomonyoka. Mchanga na takataka vinateremka mpaka Jangwani, mto unajaa na kina kinapungua. Maji yakikosa pa kupita, yanapanda barabarani.

Asili inasaidiaje?

Juu, msitu wa Pugu unapunguza nguvu ya matone, na mizizi inafungua udongo ili maji yazame.

Katikati, majani na matete ya kingoni yanashika udongo. Bonde lililoachwa wazi linapokea maji ya ziada kama beseni, kisha linayaachia taratibu.

Chini kabisa, mikoko inanasa tope na kuvunja nguvu ya mawimbi.

Tusidanganyane, miti peke yake haitoshi. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, udongo unashiba na maji yatatiririka tu. Ndiyo maana mradi wa bonde la Msimbazi, uliopitishiwa mkopo wa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022, unachanganya vyote: daraja jipya la juu zaidi Jangwani, kupanua mto, na bustani kubwa ambayo ikifurika hakuna nyumba inayozama.

Pagumu ni hapa

Kuupa mto nafasi maana yake kuna mtu anaondoka kwenye nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Fidia isipomtosha kununua kiwanja penye usalama, atahamia bonde lingine, na mafuriko yatamfuata huko huko.

Wewe ufanye nini?

Usisakafie uwanja wote, acha sehemu ya udongo na majani. Kinga maji ya paa kwenye simtanki, yatakufaa siku bomba likikauka. Na mfuko wa taka usiutupe mtaroni. Mvua ikija utasafiri, na utakapokwama, maji yataingia sebuleni kwa mtu.