Vyombo vya Tambiko vya Uchina ya Kale

Kwa watu wa Litembo, ambao wazee wao waliwatambikia wahenga, habari hii haitakuwa ngeni. Wafalme wa Shang, waliotawala kaskazini ya Uchina yapata mwaka 1600 hata 1046 kabla ya Kristo, waliwaandalia wahenga wao nyama na pombe katika vyombo vya shaba iliyochanganywa na bati. Nakshi yake ilikatwa kwanza katika udongo, kisha shaba ikamiminwa ndani ya kalibu ya vipande. Iliyo mashuhuri ni uso wenye macho makubwa na pembe. Kila nusu yaweza kuonekana kuwa mnyama mzima atazamwaye ubavuni. Jina lake, taotie, lilitolewa baadaye. Mafundi wenyewe hawakuacha maelezo. Shaba imedumu, maana imepotea. Basi aonaye nakshi katika chungu cha kwao na amwulize mfinyanzi maana yake, maadamu yu hai.